Nadhiri ya Leokadia Juu ya Barafu

Mimi sipendi baridi, na naomba hilo lieleweke tangu mwanzo. Nimezaliwa Unguja, mjini, mahali ambapo wingu likipita watu wanatafuta sweta. Hata Guangzhou tunakoishi, mji wa kusini ambako Wachina wa kaskazini huja kuota jua, mimi huniletea mafua kila Januari, na mume wangu Hafidh hunicheka. Kwa hiyo ukisikia kwamba Hasna, yaani mimi, alisimama juu ya ziwa lililoganda, karibu na mpaka wa Urusi, kavaa suruali tatu chini ya baibui, ujue kuna mtu aliyempeleka. Mtu huyo ni Leokadia.

Leokadia ni mwenyeji wa Bukoba, na kazi yake ni kufunga mizigo. Ukifika Sanyuanli, kwenye maghala ya uani, usiulize ofisi yake maana hana. Mtafute mama mnene kiasi, mkasi umening'inia shingoni kwa kamba, roli za utepe wa njano zimempanda mkononi kama bangili za bibi harusi. Sisi wafanyabiashara tunanunua vitu vya kila aina: mimi naokota midoli na mapambo ya sherehe mtaa wa Yide Lu, mwingine ana mabomba ya maji, mwingine mawigi. Yeye ndiye anayevikusanya vikawa robota moja lisiloachia upenyo ndani ya kontena. Kabla hajagusa kitu huuliza, "Cha kuvunjika kipo?" Ukimwambia kipo, atakitia katikati ya nguo za watoto, na kitafika Zanzibar kama kilivyotoka kiwandani. Miaka yote niliyomjua, hajanivunjia hata kikombe.

Kichina chake ni cha sokoni. Kila mwanamume mwenye funguo kiunoni ni "laoban", yaani bosi, na kila asichotaka kukitoa ni "meiyou", hakuna. Kwa maneno hayo mawili na kicheko chake amefanya maisha.

Ila ana tabia moja. Kila msimu wa senene, akitokea mtu wa kwao anayesafiri, lazima aletewe kopo. Basi atapanda lifti ya jengo la Tianxiu hadi ofisini kwetu, afunue kopo mezani kwangu, juu ya karatasi zangu, aseme, "Karibu, dada Hasna." Wadudu! Wamekaangwa, wana macho, wananitazama. Hafidh huwatafuna kama karanga na kunikumbusha kwamba jamii ya nzige ni halali. Mimi humjibu kwamba halali si lazima. Leokadia hucheka, hufunika kopo, na safari nyingine hulileta tena kama vile hatujawahi kuzungumza.

Mwaka jana akaanguka. Alianguka palepale ghalani, katikati ya marobota, na laoban wake akanipigia simu mimi kwa sababu namba yangu ndiyo iliyokuwa juu ya mzigo. Walimkuta na uvimbe tumboni, mkubwa, wa kuondolewa haraka.

Sasa hospitali za huku, mgonjwa anakwenda na watu wake. Muuguzi anachoma sindano na kubadilisha dripu. Kulisha, kuogesha, kumgeuza kitandani, kuita dripu inapokwisha, hiyo ni kazi ya jamaa. Muuguzi akatoka na kuuliza, jamaa wa huyu ni nani? Tulikuwa watatu pale barazani: mimi na baibui langu, Hafidh na kofia yake ya viua, na Benjamin, kijana wa Mbeya anayesomea uhandisi, Mlokole wa kweli kweli, ambaye tulimchukua kwa ajili ya Kichina chake kizuri.

"Sisi," nikasema.

"Ninyi ni nani wake?"

"Dada, shemeji, na mdogo wake wa mwisho."

Benjamin akatafsiri bila kupepesa jicho. Muuguzi alitutazama mmoja mmoja, maana hatufanani hata kucha, kisha akatufungulia mlango. Tangu hapo tukawa jamaa. Mimi nilishika mchana, Hafidh alileta uji asubuhi na jioni, na Benjamin alilala kwenye kiti cha kukunja na vitabu vyake kifuani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, lakini mimi sikuhisi kama namfaa mtu. Nilihisi naogopa.

Wodini kulikuwa na televisheni isiyo na sauti. Bibi wa kitanda cha jirani alipenda chaneli moja tu, ya uvuvi, na kutwa nzima tulitazama wanaume wa kaskazini wamekaa juu ya barafu, wametoboa tundu, wameteremsha mshipi humo. Leokadia alikuwa hali, hasemi. Mara mwanamume mmoja akavuta samaki mrefu, mwenye miiba mgongoni na macho yanayong'aa kama vioo. Leokadia akainua kichwa.

"Sangara!" akasema.

"Siyo sangara, dada," Benjamin akamwambia. "Huyu wanamwita suolu. Wa maji baridi."

"Macho yale yale. Ni mtoto wa shangazi yake sangara." Akaomba uji, akanywa kikombe kizima.

Siku ya upasuaji ilipofika alinishika kiwiko kwa nguvu, mkono wake ukiwa wa baridi, akasema mbele yetu sote: "Mungu akinitoa humu mzima, nitakwenda kwenye barafu ile. Nitamvua samaki kama yule, mrefu kuliko mkono wangu, nimvue mimi mwenyewe, niwalishe ninyi watatu."

Hafidh akaiweka chini chupa ya uji. "Shemeji, hiyo ni nadhiri."

"Najua."

"Ikiwa moyoni tu, ni matamanio. Ukiitoa kwa ulimi imekufunga."

"Ndiyo maana nimeitoa kwa ulimi," akasema, na wakamsukuma na kitanda chake wakaenda naye.

Akatoka mzima, Alhamdulillah. Uvimbe haukuwa wa ile aina tuliyoiogopa. Miezi ikapita, akarudi ghalani, mwanzoni akikaa kwenye kigoda na kuelekeza, kisha mkasi ukarudi shingoni. Halafu Desemba akaja ofisini, na kopo lake, akakaa, akasema:

"Narudi nyumbani. Moja kwa moja."

Mama yake amezeeka na yuko peke yake. Na hospitali, alisema, ilimfundisha kwamba mtu asiwaachie wengine zamu ya kumlisha mama yake. Angeondoka baada ya mwaka mpya wa Wachina. Tiketi amekwisha kata. "Ila siwezi kumwangalia mama usoni huku nina nadhiri mgongoni. Kwanza barafu, halafu Bukoba."

Mimi nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilisema: basi samaki huyo asile chambo mpaka Kiyama. Asipompata hataondoka, namjua, atangoja msimu mwingine, na msimu mwingine tena. Sikulitamka hilo, kwa hiyo kwa hukumu ya mume wangu halikuhesabika. Lakini nilimaanisha kila neno.

Sikukuu ya Wachina ikaingia na Guangzhou ikafunga. Anayeujua mji huu kwa makelele yake asingeutambua: Yide Lu mageti chini, Tianxiu kimya, Sanyuanli paka tu. Sisi wanne tukaruka kwenda kaskazini.

Nieleze na habari ya boksi, maana Hafidh atalisimulia kwa uongo. Mtu wa pwani na mtu wa ziwa wote wanajua kwamba samaki bila barafu anaoza. Tangu utotoni tumeona hivyo: samaki, boksi, barafu. Basi Leokadia akanunua boksi jeupe, kubwa, lile la povu gumu, mimi nikagandisha chupa za maji kwenye friza yangu, tukazipanga ndani, na yeye akalifunga kwa utepe wake wa njano pande zote na kulibandika alama ya glasi, kwamba kuna cha kuvunjika. Hafidh alilibeba. Benjamin, mhandisi, alilipima uzito uwanja wa ndege. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza kitu.

Mwenyeji wetu ziwani alikuwa mzee Sun, mvuvi mwenye kibanda cha mbao ufukweni, ambaye Benjamin alimpata kwa simu. Alilikata lile boksi kwa kisu akidhani tumemletea zawadi za kusini. Akatoa chupa moja ya barafu. Akaitazama. Akalitazama ziwa, ambalo lilikuwa barafu mpaka mwisho wa macho, nene kiasi kwamba lori lilikuwa limeegeshwa juu yake. Akatutazama sisi.

Alicheka mpaka akakaa chini. Aliwaita jirani zake wakatazama nao wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hewa ile ikaniingia kooni kama sindano. Mzee alipomaliza kufuta machozi alizitoa chupa zote, akalipeleka boksi tupu barafuni, akamweka Leokadia kwenye kigoda na kumwashiria atie miguu ndani. Boksi linalozuia joto lisiingie linazuia na lisitoke. Basi shoga yangu akavua samaki na miguu yake ndani ya boksi la barafu, ili isigande.

Mzee Sun alitutobolea matundu kwa keekee ndefu ya kuzungusha kwa mikono, akatupa viboko vifupi vya kuvulia, vyenye mshipi na chambo cha bati kinachong'aa. Kazi ni kukipandisha na kukishusha, kukipandisha na kukishusha, mpaka samaki akasirike. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya nilikuwa nimeyavalia kila nilichonacho na bado nilitetemeka. Kazi yangu ikawa chai.

Samaki walikuja, wadogo wadogo, tukala kitoweo siku hiyo. Kesho yake Hafidh akapata suolu wa kweli, na macho yake ya kioo, akampeleka mbio akamlaza sambamba na mkono wa Leokadia.

"Karibu, shemeji. Bado vidole tu."

"Karibu si kuliko," akasema Leokadia. "Halafu umemvua wewe."

Benjamin akatoa shauri kwamba yeyote atakayepata mkubwa amkabidhi mshipi akiwa bado majini, na yeye ndiye amtoe. Akakataa. Mzee Sun, alipoelezwa kisa, akatoka na samaki mkubwa aliyekuwa amemtundika nje amekauka kwa baridi kama ubao, akampa bure, zawadi ya mwaka mpya. Leokadia alimshukuru kwa mikono miwili na kumrudishia kwa mikono miwili. Mimi niliendelea kumimina chai. Mambo yalikuwa yanakwenda nilivyotaka.

Asubuhi ya mwisho upepo ulivuma. Gari la kuturudisha lilikuwa lije baada ya chakula cha mchana. Nilimpelekea chai nikamkuta midomo inacheza, rozari imezungushwa kwenye glavu, mkono unapanda na kushuka. Hakuwa na huzuni, na hilo liliniudhi.

"Pumzika," nikamwambia. "Utakuja mwakani."

"Hasna, unajua kwa nini sikubali hata pungufu ya kidole?"

"Ulafi."

"Kwa sababu nilifumbua macho baada ya kupasuliwa nikawaona nyote watatu mmesimama. Hata Hafidh, na ilikuwa saa ya kazi. Nikasema, Mungu wangu, nimeweka nadhiri ndogo." Akanywa chai. "Mama yangu ataniuliza huko ulilala hospitali na nani. Nataka nimwambie na dada yangu, na nilimlisha akashiba. Nisimwambie habari ya kitoweo cha kununua."

Nilijifanya nafunga kifuniko cha chupa, kikakataa kufungika, nikawa nalia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Miaka yote hii nimekuwa na huyu mtu, hajanivunjia hata kikombe, na mimi nimekaa namwombea mkono mtupu.

Ndipo kiboko kilipoinama.

Kiliinama mpaka ncha yake ikaingia tunduni. Leokadia alivuta, lakini miguu yake ilikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa juu ya barafu, kwa hiyo badala ya samaki kuja kwake, yeye na boksi lake wakaanza kuteleza kwenda kwa samaki. Aliteleza kutoka kwenye kigoda akakaa kitako, boksi mbele, akiendelea kwenda. Hafidh akatupa chake akaja mbio, mkono mbele, kuudaka mshipi.

"Usiguse mshipi!" Leokadia akapiga kelele. "Nishikeni mimi!"

Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilimkumbatia kiunoni kutoka nyuma, nikaketi, nikakita visigino. Nikateleza naye. Hafidh akanishika mimi, Benjamin akamshika Hafidh, mzee Sun akamshika Benjamin mkanda huku akipiga mayowe ya furaha, na msafara wote ukasimama boksi likiwa limegota kwenye ukingo wa tundu.

Mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo lake, palepale kwenye mshono. "Tumbo lako, Leokadia!"

"Tumbo limepona! Shika!"

Nikashika. Alivuta, akaachia kidogo, akavuta, na kila akivuta nilihisi mwili mzima ukifanya kazi, mgongo, mbavu, tumbo lile lile. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Usikatike, ya Rabbi, usikatike," na nilikuwa nauambia mshipi. Mzee Sun hakuingiza mkono, alikwisha kuelewa. Kikatokea kichwa, jicho la kioo likatutazama, Leokadia akaingiza glavu kwenye shavu la samaki na kumwinua mwenyewe, akaanguka naye chali juu yangu.

Hafidh alipima kama kadhi. Kichwa kwapani mwa Leokadia, mwili kwenye mkono wake, na mkia ukapita vidole ukabaki nje. Akapima tena kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha akavua kofia yake ya manyoya, akasema, "Imetimia, shemeji."

Leokadia alilia kwa sauti, bila haya, na mimi nikalia naye, na machozi yalitugandia kwenye kope mpaka mzee Sun akatusukuma tuingie ndani.

Tulimpika kwenye sufuria yake kubwa ya chuma, pamoja na viazi. Mzee alipomweka mezani alikielekeza kichwa cha samaki kwa Leokadia, maana kwao kichwa humtazama mgeni wa heshima. Leokadia akaigeuza sahani ikanitazama mimi. Alitupakulia wote kwa mkono wake, na mzee Sun pia, ambaye watoto wake hawakuja sikukuu ile. Nadhiri ilikuwa ya watatu, akasema, lakini mwenye ziwa haachwi. Kwake mwenyewe aliweka mkate wa mvuke, mweupe, mtupu.

"Na wewe?" Benjamin akauliza.

Hafidh alikuwa amemweleza Leokadia njiani kwamba sisi tulivyosoma chuo cha Kurani, nyama ya nadhiri, aliyeiweka haonji. "Mimi ni Mkatoliki, hainihusu," Leokadia akasema. "Lakini nimeipenda. Nyie kuleni, mimi nataka kuwatazama." Akaegemeza shavu kwenye kiganja, akanitazama. "Haya, dada Hasna. Tamu?"

Wote wakasimamisha vijiti. Wananijua. Tangu nimefika nchi hii hakuna chakula nilichokisifu. Sukari yao haina utamu, chumvi yao haikolei. Na samaki huyu hakuwa na nazi, hakuwa na ndimu, hakuwa na pilipili. Nyama yake ilikuwa nyeupe, ikiachana vipande vipande, ya moto mpaka kifuani.

"Tamu," nikasema.

Hafidh akamuuliza Benjamin kama amesikia vizuri.

"Nyamaza wewe, sijamaliza." Nikaweka vijiti chini. "Sikilizeni nyote. Mungu akimfikisha huyu kwao salama, na mwaka huu ukaisha bila kulala hospitali, basi nitakwenda Bukoba. Nitakaa kwa mama yake, na kila nitakachopewa nitakula, na sitalalamika."

Benjamin akamnong'oneza mzee Sun tafsiri, na mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Hafidh hakucheka. Leokadia alikuwa bado ameegemea kiganja chake, macho yamejaa, lakini pembe ya mdomo imeanza kupanda, na mimi nilijua kinachokuja kabla hajasema.

"Kila utakachopewa?"

"Kila nitakachopewa."

"Hata senene?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ananitazama kama shahidi.

"Hata senene," nikasema, kwa ulimi, na wote wakasikia.